Upande wa Kikombe Usiong'arishwa

Johannesburg, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi, saa tisa alasiri

Mwanangu Mapendo,

Leo imetimia miaka sita na miezi minne tangu niondoke Mweso. Nilipanda gari asubuhi, nawe ulikuwa umesimama kando ya barabara, mkono mmoja umeshika bidoni ya maji kichwani, mwingine umemshika mdogo wako Amani asikimbilie magurudumu. Kwa hiyo hukuwa na mkono wa kunipungia. Picha hiyo nimeirudia mara nyingi sana huku. Kesho ni zamu yako kupanda gari, na mimi sitakuwepo hata kando ya barabara.

Naandika kwenye karatasi, halafu nitapiga picha kila ukurasa na kuzituma kwenye simu ya Papa Paluku, kwa kuwa lori lake ndilo litakalokubeba, na simu ya mama yako haipokei picha. Papa Paluku, kama umeanza kusoma, nakuomba kwa heshima uishie hapa, umpe mtoto simu. Huko mbele hakuna habari ya bei ya mabati.

Mambo ya blanketi, ya sabuni, ya nani wa kukaa karibu naye garini, mama yako ameshayasema na atayasema tena kesho ukiwa umeshapanda. Mimi nina jambo moja. Nataka ulipate kabla gari halijaondoka, kwa sababu nikilinyamazia utaingia katika hiyo shule ya wauguzi huko Butembo ukiwa bado mtoto ambaye baba yake alimlazimisha aseme uongo. Ni jambo la mkutano wa wazazi. Tangu siku ile nikipiga simu unaniambia "Sawa, papa," kisha unampa mama. Ni miaka miwili sasa ya "Sawa, papa." Nastahili hivyo, ila nimechoka nayo.

Nitaanzia kazini kwangu. Univumilie, maana huko ndiko nilikoliona kosa langu kwa macho.

Sijawahi kukueleza kazi yangu vizuri. Nilikuwa nasema "niko kwenye chuma," nanyi mkadhani ni mgodini. Ni karakana, safi kuliko zahanati. Kuna mashine zinazotengeneza vitu vya chuma kwa unga. Mashine inatandaza unga wa chuma, mwembamba kama unga wa muhogo uliochekechwa vizuri, kisha mwale wa moto unapita na kuyeyusha pale tu panapotakiwa. Inatandaza tena, inayeyusha tena. Siku nzima, usiku kucha. Mwishowe unafukua lile rundo la unga na ndani yake kuna kitu kizima kimeota.

Watu wanafikiri kazi imekwisha hapo. Kazi yangu mimi ndipo inapoanza. Kitu kinatoka kibaya, mwanangu. Kimeshikamana na bamba la chini, kina vijiti pembeni vilivyokishikilia kisianguke wakati kinaota, na ngozi yake inakwaruza kama mwiko ulioganda ugali. Ukikitazama kwa kioo cha kukuza unaona chembe za unga zilizoyeyuka nusu, zimening'inia tu. Mimi nakata, nang'oa vijiti, napiga tupa. Naingiza mikono katika sanduku la kioo lenye glovu ndefu, nakipuliza kwa mchanga wa vioo. Vingine navitia kwenye pipa linalotetemeka lenye mawe madogo, yanavisugua kama mto unavyosugua kokoto. Vingine vinazamishwa kwenye maji makali yenye umeme hadi ving'ae. Mikono yangu siku hizi haina alama za vidole. Simu zinazofunguliwa kwa kidole hazinijui.

Kazi hii nilianza kama mfagiaji. Aliyenifundisha ni Kalunga, mtu wa Likasi, mzungumzaji sana. Alinikuta siku moja nasugua kitu kwa msasa nikitoa jasho, akaniuliza, akiniita kwa jina la kwetu:

"Kaka Masisi, kwenu munasugua nini vile?"

"Sufuria," nikasema. "Kwa majivu na mchanga ya muto."

"Njo maana! Weye ulizaliwa fundi, hawakukuambia tu."

Alikuwa anatania, ila ilinikaa. Unamkumbuka bibi yako, mama yangu, kule Kalembe. Sufuria zake zilikuwa zinaanikwa mbele ya nyumba, chini juu, na mtu aliyepita njiani alipaswa kufumba macho kwa mwanga wake. Sufuria yenye masizi mbele ya nyumba ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Nililelewa hivyo: kinachong'aa ni kizuri, na mwenye kuking'arisha ni mtu wa heshima. Sikuwahi kuuliza kama kila kitu kinataka kung'aa.

Mwaka jana ilikuja kazi ya vikombe vitatu. Si vya kunywea. Ni vya nyonga: mtu ambaye nyonga imekufa wanamfungua, wanamwekea hicho kikombe ndani ya mfupa, na kichwa cha paja kinacheza ndani yake. Vimetengenezwa kwa titani, ni vyepesi hadi unadhani umeshika kitu kitupu. Ndani vilikuwa laini, fundi mwingine alikwisha kuvichonga kwa mashine. Nje vilikuwa vibaya kabisa. Matundu matupu, Mapendo. Kama yale mawe meusi ya Goma yaliyotoka kwenye volkano, yanayotoboa ndala.

Karatasi ya mchoro ilikuwepo. Upande wa nje kulikuwa na mshale na maneno mawili matatu ya Kiingereza. Sikuyaelewa. Wewe unajua niliishia mwaka wa tatu wa sekondari, na huko nilisoma Kifaransa cha ubaoni. Ningeweza kuuliza. Shefu, msimamizi wa karakana, alikuwa hatua kumi na tano kutoka nilipokaa. Sikuuliza, maana nilikuwa nimeshaitwa fundi, na fundi haulizi mshale unasema nini. Kwa hiyo Jumamosi wengine walipoondoka mchana, nilibaki. Nilivisugua vile vikombe kwa nje hadi jioni. Nilianza na msasa mkali, nikashuka hadi ule laini kama karatasi ya Biblia, nikamaliza kwa kitambaa na dawa. Matundu yote yakafunga. Nikavipanga mezani kwa shefu, chini juu, kama bibi yako alivyopanga. Nilirudi chumbani nikiimba.

Shefu wetu ni mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo. Jumatatu hakupiga kelele. Aliniita, akanipa kikombe kimoja, akaniambia nifumbe macho, nipitishe kidole kwa nje.

"Unasikia nini?"

"Laini," nikasema, bado najisifu.

"Na wewe kama ungekuwa mfupa, ungeshika wapi?"

Sikuelewa. Akanieleza polepole. Kumbe yale matundu yaliwekwa kwa makusudi. Kuna watu waliokaa miaka wakihesabu ukubwa wake. Mfupa wa mgonjwa unaota, unaingia ndani ya matundu hayo, unakishika kikombe kama mizizi inavyoshika udongo, na baada ya miezi huwezi tena kukitoa. Kikiwa laini mfupa unakuja, unakosa pa kushika, unarudi. Kikombe kinaanza kucheza ndani ya mtu. Anatembea kwa maumivu mwaka mmoja, miwili, kisha wanamfungua upya. Upande ule haukutaka chochote kwangu ila kuoshwa, zile chembe zilizoning'inia zitoke zisije zikabaki mwilini. Basi. Mengine yote niliyofanya siku ile ilikuwa ni kuharibu.

Kalunga alikuwa anasikiliza, na hakuweza kujizuia. "Sasa weye ulizania mufupa ya muntu inapenda kioo? Inataka kujiona sura?" Watu wakacheka. Nikacheka nao, maana huku ndivyo nilivyojifunza, wakikucheka, cheka mapema wasione umeumia. Vikombe viwili vikatupwa kwenye pipa la chakavu. Cha tatu shefu alinipa, akasema nikae nacho. Aliniuliza neno moja tu kabla sijatoka: "Kwa nini hukuuliza?" Nikamjibu kwamba nilisahau. Hata hapo nilisema uongo.

Kile kikombe kiko mezani hapa ninapoandika. Kinang'aa vizuri sana. Nauona uso wangu ndani ya mgongo wake, umepinda, pua kubwa.

Wiki ile ndipo nilipoanza kukufikiria kwa namna nyingine. Nilikuwa nimelala chali, hakuna mtu wa kuzungumza naye, jirani zangu wa chumba cha pili wanaongea lugha nisiyoijua, na nimekaa miaka sita nikisikia watu wakicheka nyuma ya ukuta bila kujua wanacheka nini. Nikaisikia sauti yako kwenye simu, ya ile siku.

Nitaiandika ilivyokuwa, ili ujue kwamba naikumbuka yote, sikuipunguza. Ulikuwa mwaka wa tano. Katika mkutano wa wazazi wa kufunga muhula, prefe, mkuu wenu wa shule, aliuliza kama kuna mwenye neno, akimaanisha wazazi. Wewe ulikuwa umesimama nyuma na wanafunzi wanaopanga viti. Ukainua mkono. Ukasema mbele ya watu wote kwamba saa za hesabu mnapelekwa kulima maharagwe ya prefe, na asiyekwenda anakatwa pointi. Uliyasema vile unavyosema mambo, makavu, bila kuzunguka. Kesho yake ukarudishwa nyumbani, urudi na mzazi uombe msamaha na ukiri kwamba ulidanganya. Mama yako akanipigia analia, akaweka simu wazi.

"Papa, miye sikudanganya," ulisema. "Hata ile siku ya tatu ya wiki nililima mpaka saa sita. Uulize wenzangu."

"Sema ulidanganya, mambo iishe. Diploma yako ni mwaka moja tu imebaki."

"Papa, weye unaniamini?"

Na mimi nikasema: "Hiyo si ya kuuliza sasa."

Kisha ukasema "Sawa, papa." Hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza.

Mama yako alinieleza baadaye kwamba ulipiga magoti ofisini na kusema maneno waliyokupa, sauti haikutetemeka, na ulipofika nyumbani ukafua jupe, ile sketi ya shule, mara tatu ingawa haikuwa na tope. Aliniambia hivyo kama habari njema: mtoto ametulia, mtoto amerudi shule. Nami nilifurahi. Nilikwenda kazini siku hiyo nikijiona nimefanya kazi ya baba.

Mapendo, nilikuamini. Nilikuamini tangu neno la kwanza, na hiki ndicho nilichokificha. Nilikuamini kwa sababu mimi mwenyewe nililima. Si kwa huyu prefe wenu, kwa mwalimu mwingine, shule nyingine, upande wa Burungu nilikopelekwa kukaa kwa shangazi ili nisome. Tulilima viazi vyake na kuchunga ng'ombe wake saa za darasa. Mwaka wa tatu nilikosa wiki mbili kwa sababu ya malaria, nikakatwa pointi za shamba, nikarudia darasa, nikachoka, nikaacha. Nimewaambia nyote maisha yenu yote kwamba niliacha shule kwa sababu ya vita. Vita vilikuwepo, kweli. Lakini niliacha mwaka mmoja kabla havijafika kwetu. Niliacha kwa sababu sikusema kitu. Tulikuwa darasa zima na hakuna aliyeinua mkono, na nilipokusikia wewe umeinua, sikuona fahari. Niliona aibu, kisha hofu. Nikachukua msasa.

Nilidhani nakusaidia upite. Mimi huku nimepita kwa kuwa laini. Polisi akinisimamisha, mimi ni laini. Mwenye nyumba akibadili neno, laini. Kalunga akinicheka, laini. Nimejing'arisha miaka sita, na kama shefu alivyoniuliza, sijui ni wapi mtu angenishika. Hata watu wa kanisa langu huku wananiita "yule wa Kongo asiye na matata," na hakuna hata mmoja anayejua majina ya watoto wangu.

Sitaki nikudanganye upande wa pili pia. Si kila mkwaruzo unaachwa. Kuna vipande vya mashine vinavyobeba mzigo na kutetemeka siku nzima, na hivyo ukiacha ngozi yake mbaya, ufa unaanzia hapo hapo, kwenye chembe moja ndogo. Niliwahi kuacha kona moja ya chini ya kipande kimoja, pale mkono haufiki vizuri, nikajiambia nani ataiona. Kwenye majaribio kilikatika kama mkate, na ufa ulianza kwenye ile kona. Vipande hivyo tunavilainisha, halafu tunavipiga kwa vipira vidogo vya chuma, maelfu kwa maelfu, ngozi ikaze. Kwa hiyo wewe mwenyewe utajua kwako ni kipi cha namna gani. Ile tabia yako ya kumkata mama yako maneno kabla hajamaliza, hiyo naomba uioshe, ni chembe zinazoning'inia tu. Lakini ule mkono ulioinuliwa pale mkutanoni haukuwa wangu kuugusa.

Na ajabu ni kwamba niliwahi kufundishwa. Babu yako alipokuwa anachonga mpini wa mkuki wa kuwindia, alikuwa anaulainisha kwa jani kali la msituni, lile linalokwaruza ulimi, kuanzia juu hadi chini. Ila pale pa kushika aliacha gamba. Nikiwa mdogo nilichukua jani nikaanza kusugua pale pia, nimsaidie. Akanipokonya.

"Hapa uache vile. Mvua ikinyesha, mukono itateleza."

"Lakini ni mubaya, papa."

"Ni mubaya kwa macho yako. Mukuki haishikwe na macho."

Nilikuwa na miaka saba au minane. Nilihitaji kusafiri nchi nne na kuharibu nyonga tatu ili nilikumbuke neno lake.

Utakwenda kuwa muuguzi. Huenda siku moja mbele yako atalala mama mmoja mwenye kitu cha chuma mwilini, na huenda mtu kama mimi alikishika. Wataanza kukusahihisha kuanzia siku ya kwanza. Watacheka Kiswahili chetu cha Masisi, watacheka unavyosema mambo bila kuzunguka. Mengine watakuwa na haki. Sina la kukuagiza hapo, hata sijui shule hiyo ina mlango wa rangi gani. Nataka tu ukiwa huko usije ukafikiri kwamba baba yako alikuona mwongo. Ulisema kweli. Nilijua ni kweli. Nilikuambia useme ni uongo kwa sababu niliogopa, na kwa sababu ulifanya kile nilichoshindwa kukifanya nikiwa na umri wako. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, pokea hata simu, uniambie kwamba hujaweza. Nitaikubali kuliko "Sawa, papa."

Jua limeshuka hadi kwenye ukuta wa jirani. Niliweka mboga za lengalenga jikoni tangu saa sita na nimezisahau, zimeungua. Nitakula bugali na chumvi. Mama yako usimwambie.

Amani sasa anasoma kwenye shule ileile uliyotoka, kwa prefe yuleyule. Yuko mwaka wa pili, na wiki iliyopita nilimuuliza kwenye simu muhula huu wanasoma nini, akasema, "Papa, tulipanda maharagwe." Alisema kama mtu anayesema mvua imenyesha. Hakujua kama kuna kitu cha kushangaza hapo.

Karakana hufungwa katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Nimekwisha kumwomba shefu aniachie wiki mbili kabla, akaniuliza sababu, na safari hii nilimweleza yote, hata ule mshale nisioweza kuusoma. Kwa mabasi na magari ni kama siku nane, tisa kama njia ni mbaya. Natazamia kufika Mweso kabla ya Noeli, wiki ileile ya mkutano wa kufunga muhula. Kikombe nitakuja nacho mfukoni. Nitakaa mstari wa mbele, na prefe akiuliza kama kuna mzazi mwenye neno, nitainua mkono, nitasema jina lako na darasa ulilokuwa, nitasema nani alikulazimisha kudanganya. Halafu nitapanda gari nije Butembo nikueleze walijibu nini.

Baba yako